UZI: Pesa za wafadhili kwa therapi ya watoto wenye ulemavu, zinasaidia wapi hasa? Wazazi wa Nairobi njooni hapa

OT_wa_Eastlands

Wadau habari zenu. Naandika huu uzi juu nimesoma maoni mengi huku mtandaoni, upande mmoja wanasema pesa za wafadhili zote huishia kwa magari makubwa na semina za hoteli, upande mwingine wanasema waachiwe tu wageni wasaidie kwani serikali imefanya nini. Mimi ni OT, yaani mtaalamu wa tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli za kila siku, nafanya kazi kwa mradi wa therapi ya watoto huku Eastlands, na mshahara wangu unatoka kwa mfadhili, nasema mapema mjue nimesimama wapi. Mradi siutaji jina, sikuja kutafuta wateja.

Wacha nieleze kitu mtu asiyekaa na hawa watoto haoni. Mtu akisikia therapi anafikiria mashine, chumba kikubwa kama gym, daktari wa koti jeupe. Sasa chukua mtoto wa miaka miwili ako na mtindio wa ubongo, CP, shingo bado haijashika vizuri. Mama anamlaza kwa mapaja kichwa kimeangalia juu halafu anamwaga uji na kijiko, hivyo ndio alionyeshwa na mamake na ndio kila mtu hulisha mtoto mchanga. Uji unashuka kabla mtoto hajajipanga kumeza, anapaliwa, anakohoa, mwingine unaingia kwa mapafu. Mwezi ukiisha ako na nimonia, analazwa, anakonda, na mtoto aliyekonda hana nguvu ya mazoezi yoyote. Watu wanasema hawa watoto huwa wagonjwa wagonjwa tu. Hapana. Wengi wanaugua juu ya venye wanalishwa.

Hapo unafanya nini? Unamketisha wima, makalio nyuma kabisa, magoti yamekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo. Unakaa mbele yake, sio juu yake, macho yenu yakiwa sawa. Uji unaufanya mzito kiasi. Kijiko unakileta kutoka chini, unakiweka kwa mdomo wa chini na unangoja. Huo kungoja ndio mgumu kwa mama, juu amezoea kumaliza haraka arudi kazini. Mtoto mwenyewe akifunga mdomo, unatoa kijiko. Kulisha kunachukua karibu saa nzima mwanzoni. Nimeona watoto wakiongeza kilo kwa hiyo tu, bila dawa.

Sasa mniulize mfadhili ameingia wapi hapo. Amelipa mshahara wangu ili niweze kukaa na huyo mama asubuhi nzima na nirudi wiki ijayo, na wiki inayofuata. Amelipa nauli ya mama. Amelipa fundi wa mbao atengeneze kiti cha kona cha kumshika mtoto wima. Basi. Hakuna kitu cha kupigwa picha hapo, na ndio maana pesa ya aina hiyo ni ngumu kuipata kuliko pesa ya kununua vitu.

Na wakati ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kuna utafiti wa Kanada uliotoka 2002, walifuatilia mamia ya watoto wa CP, wakaona wale wenye hali nyepesi hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa mwili kabla kidogo ya kufika miaka 5, na wale wa hali nzito zaidi hata kabla ya miaka 3. Yaani ile miaka tunapoambiwa ngoja atatembea tu, wavulana huchelewa, hata babake alichelewa, hiyo ndio miaka yenyewe. Halafu angalia sensa yetu ya 2019. Ilipata watu kama laki tisa wenye ulemavu, asilimia 2.2, lakini swali liliulizwa kwa watu wa miaka 5 kwenda juu. Mtoto wa miaka 2 niliyewaambia hayuko kwa hiyo hesabu kabisa. Kaunti inapanga bajeti na hesabu gani?

Karibuni, wazazi hasa. Na wale mnaona pesa inaliwa pia mseme.

---

MamaK_Kayole

Asante sana OT, umeongea kitu nimeishi. Mimi ni mama wa kijana wa CP, ako na miaka sita saa hii. Alizaliwa vizuri, siku ya tatu akawa manjano, macho mpaka miguu, nikaambiwa nimuanike jua asubuhi. Nikamuanika. Kufika wakati tunarudishwa hospitali alikuwa ashaanza kujikunja mgongo na kulia ile sauti nyembamba. Mama yeyote anayesoma hapa, mtoto mchanga akikuwa manjano mpaka kwa miguu usianike jua, kimbia hospitali awekwe taa siku hiyo hiyo.

Kuhusu nauli wacha niongezee juu watu wanafikiri ni kitu kidogo. Kutoka kwetu mpaka ile hospitali nilikuwa nimetumwa ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, mtoto mgongoni. Akiwa mdogo sawa. Akifika miaka mitatu amekakamaa miguu haifunguki vizuri kumbeba, konda anakuambia huyo ulipie kiti chake, ukikataa unaambiwa shuka. Unafika umechelewa, laini ni ndefu, therapi yenyewe unafanyiwa dakika chache juu mhudumu ni mmoja na watoto wamejaa mpaka nje, unaambiwa rudi baada ya mwezi. Na siku hiyo hujafua nguo za mtu so hakuna pesa ya jioni. Niliacha kwenda. Watu wa hospitali waliandika kwa kadi yangu nimekataa matibabu.

Kilichonirudisha ni venye mradi mmoja ulikuja kutumia ukumbi wa kanisa hapa mtaani kila Alhamisi, natembea tu. Tulianza wamama wachache, tukajuana, saa hii tuko na chama. Nataka niseme hivi, na watu wa kutoa pesa wakisoma wasikie: ule mkeka wa mazoezi ni mzuri, lakini mimi kilichoniponya ni kuingia chumba ambacho kila mama ako na mtoto kama wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa namfungia ndani nikienda dukani juu ya maneno ya ploti. Babake alienda mtoto akiwa na miezi nane, mama ya huyo baba alisema kwao hakuna watoto wa hivyo.

Leo hatembei, na sijui kama atatembea, niliacha kuulizia. Lakini anaketi. Anakula na sisi mezani. Akitaka maji anaangalia kikombe halafu ananiangalia mimi, hiyo tulifundishwa na mtu wa mambo ya kuongea, na siku nilielewa ananiambia kitu nililia mpaka majirani wakaja.

---

kijana_wa_Njiru

Pole sana mama K, na hongera.

Lakini OT wacha nikuulize ukweli. Mimi nimekulia huku, kila mwaka naona sherehe ya kupeana viti vya magurudumu. Tenti, viti vya plastiki, mheshimiwa amekuja, fulana zimeandikwa majina ya wafadhili, watoto wamepangwa kwa jua tangu asubuhi wakingoja hotuba. Ukipita kwa hizo nyumba baada ya miezi sita kiti kiko nyuma ya nyumba kimewekewa makaa. Sasa hiyo si pesa ya wafadhili? Mbona nisiseme inapotea? Na swali la pili, hii kitu si inafanya serikali itulie tu ikijua mzungu atalipa?

---

OT_wa_Eastlands

Kaka, swali lako la kwanza ni la haki kabisa na nitakujibu kama mtu anayekutana na hivyo viti kila wiki.

Kiti cha magurudumu cha mtoto hupimwa. Upana wa makalio, urefu wa paja, urefu wa mguu mpaka chini, kama mgongo umeanza kupinda, kama kichwa kinashika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2008 wenye hatua nane, kuanzia kumpokea mtoto na kumpima, kukipanga kiti na kumjaribisha, kumfundisha yeye na mzazi, mpaka kurudi kumuangalia na kukarabati. Ile sherehe ya uwanjani inafanya hatua moja tu, kupeana. Mtoto wa miaka minne anapewa kiti cha mtu mzima. Anazama upande mmoja, mgongo unapinda zaidi, mfupa wa makalio unagusa kitambaa kilicholegea anapata kidonda. Mama akiona kidonda anamtoa kwa kiti, na anafanya vizuri kumtoa. Halafu hizo tairi nyembamba za mbele ni za sakafu ya hospitali, sio za Mukuru mvua ikinyesha. So ukiona kiti kimewekewa makaa usimlaumu mzazi.

Mfadhili anayejua hii kazi analipia viti vichache vilivyopimwa na mtu wa kurudi kuviangalia, hata kama idadi kwa ripoti itakuwa ndogo. Mtoto hukua bana. Kiti kilichomtosha Januari mwaka huu kitamfinya mwaka kesho kutwa, nani atalipa cha pili?

Na sio lazima kitoke ng'ambo. Kuna viti maalum tunatengeneza na karatasi, najua inasikika kama mchezo lakini ngojeni. Unachukua maboksi ya katoni ya duka, magazeti ya zamani, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa kama uji. Unabandika tabaka juu ya tabaka, unakandamiza, unaacha ikauke kabisa kwa jua, halafu unakata kulingana na mwili wa huyo mtoto mwenyewe. Ikikauka inakuwa ngumu kama mbao, mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Unapaka rangi na vanishi isiingie maji. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe. Ninachopendea hiki kiti ni kwamba mama ameshiriki kukitengeneza, so akiona mtoto amekua anajua wapi pa kukata na wapi pa kuongeza, hangoji tenti ya mheshimiwa.

Swali la pili, la serikali kutulia. Hapo nakubaliana na wewe nusu. Katiba yetu kifungu cha 54 kinasema wazi mtu mwenye ulemavu ako na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kuvuka vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Haki, sio zawadi. Mfadhili akijenga kitu chake pembeni, na wafanyakazi wake na faili zake ambazo hospitali ya kaunti haijui, ndio serikali inatulia. Lakini akiweka pesa ndani ya ile kliniki ya kaunti, akamsomesha fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye tayari ameajiriwa hapo, wakakubaliana kaunti italipa mishahara kuanzia mwaka fulani, hiyo inaisukuma serikali.

---

mwalimu_spesho

Naingilia hapo kwa serikali kutulia juu niko na mfano ambao watu wamesahau.

Mnajua zile EARC, vituo vya kupima watoto kabla ya kupelekwa shule? Zilianza 1984 na pesa ya Denmark, kupitia Danida, shirika lao la misaada. KISE pale Kasarani, chuo cha walimu wa elimu maalum, kilianzishwa 1986, na Wadenmark walikuwa hapo pia. Leo KISE ni taasisi ya serikali, walimu wa nchi nzima wamepitia hapo, na EARC ni za wizara. Ziko na shida zake, vifaa vimezeeka na watu ni wachache, mimi mwenyewe nalalamika kila muhula. Lakini hiyo ni karibu miaka arobaini baadaye na bado mzazi anaweza kuingia na mtoto akapimwa bila kulipia kama kwa daktari wa private. Ukiniuliza pesa ya mfadhili iliyokaa ni ipi, nitakuonyesha hiyo.

Darasani tofauti naiona hivi. Mtoto aliyepitia therapi mapema anakuja anaweza kuketi nusu saa bila kuchoka, anashika penseli ya kunenepeshwa na kitambaa, anaweza kusema au kuonyesha anataka choo. Huyo nitamfundisha. Mwingine mwenye akili hiyo hiyo, hakuguswa mpaka miaka tisa, magoti yamefungana hayanyooki, anatumia nguvu zake zote za asubuhi kutoanguka kwa kiti. Hesabu ataisikia saa ngapi? Sio akili imekosa. Watoto wangapi wamerudishwa nyumbani na kuambiwa hawafundishiki na kumbe kilichokosekana ni meza iliyokatwa mahali pa tumbo na mikanda miwili.

---

cucu_wa_Kawangware

Mimi nalea mjukuu, nyayo zake zilikuwa zimepinda ndani zote mbili, anazaliwa hivyo. Mamake alilia akataka kumwacha hospitali. Tukatumwa kliniki wakampiga plasta kila wiki, wanatoa wanaweka ingine, mguu unageuka kidogo kidogo unaona kwa macho. Halafu wakakata kidogo nyuma ya kisigino, plasta ya mwisho, akavalishwa viatu vyenye chuma katikati. Hatukulipa hivyo viatu. Sasa yuko darasa la pili anakimbia na wenzake, huwezi jua. Mungu awabariki waliotoa hizo pesa popote walipo.

---

OT_wa_Eastlands

Cucu shikamoo, na hongera kwa kushikilia mpaka mwisho. Watu wasome hapo kwa cucu vizuri. Hiyo inaitwa njia ya Ponseti, daktari mmoja Mhispania aliyekuwa Iowa kule Marekani ndiye aliitengeneza. Plasta tano, sita au saba hivi, mkato mdogo wa kano, halafu vile viatu vya chuma mtoto anavaa karibu siku nzima miezi mitatu ya kwanza, baadaye usiku tu mpaka afike kama miaka minne. Hakuna operesheni kubwa.

Na hapo kwa viatu ndio mradi husimama au huanguka. Plasta kila mtu anafurahia, juu mabadiliko yanaonekana. Miguu ikinyooka mzazi anaona kazi imeisha, mtoto analia usiku na viatu, vinawekwa kando, na nyayo zinarudi zilikotoka. Kwa hiyo pesa ya maana ni ya viatu vya saizi inayofuata na ya mtu wa kupiga simu kuuliza mama vipi, bado anavaa? Jaribu kuandika hiyo kwa ombi la ufadhili uone. Utaulizwa kwa nini bajeti ya simu ni kubwa hivi.

---

Baba_wa_wawili

Naomba nijue, kuna watu kama mimi niko na kazi, sio tajiri, lakini naweza kutoa elfu mbili kila mwezi. Nifanye nini isiishie kwa mfuko wa mtu? Nilikuwa nafikiria kupelekea ile nyumba ya watoto iko karibu na kwetu, wanachukua wenye ulemavu.

---

MamaK_Kayole

Kaka ubarikiwe. Elfu mbili ni sawa na ile pesa ya serikali ya Inua Jamii ya mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, na kwa kijana wangu hiyo ni pampas tu na haifiki mwisho wa mwezi. So usione ni kidogo. Kama kuna mzazi unamjua mtaani kwenu muulize anakwama wapi. Wengi watakuambia nauli au dawa ya kifafa, juu dawa ya kifafa ukikosa siku mbili mtoto anaanguka na anapoteza vitu alikuwa amejifunza.

---

OT_wa_Eastlands

Mama K amemaliza, naongeza kidogo. Kuhusu nyumba ya watoto, fikiria tena. Serikali iko na mkakati wa mwaka 2022 mpaka 2032 wa kurudisha watoto kwa familia na kupunguza hizo nyumba, na watoto wenye ulemavu ndio hubaki wa mwisho. Wengi wako na mama. Mama aliwaacha hapo juu huko ndani kuna therapi na chakula, na nyumbani hakuna. Ukilipa hiyo nyumba unalipa mtoto akae mbali na mamake, ukilipa therapi ya mtaani unalipa akae naye. Sisemi watu wa hizo nyumba ni wabaya, wengine wamebeba watoto ambao hakuna mtu mwingine angewabeba, nasema tu pesa yako inavuta mtoto upande gani.

Ukitaka kupitia shirika, kuna mashirika ya miaka mingi, kwa mfano APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, ilianza 1958 na iko na kazi za mitaani na karakana ya viti. Shirika lolote ulilochagua, nenda siku ya kliniki ukakae uone. Waulize mtoto anaonwa mara ngapi kwa mwezi na mtu yule yule, sio watoto wangapi walifikiwa. Kufikiwa ni nini? Waulize mwaka jana wangapi waliacha kuja na walifanya nini kuwatafuta. Shirika linalofanya kazi kweli litakuwa na jibu, na mara nyingi jibu si tamu. Na ukiona wanakuonyesha picha za watoto wamevuliwa nguo au uso umejaa kamasi ili utoe zaidi, toka hapo. Yule mtoto ni wa mtu.

---

kijana_wa_Njiru

Nimeelewa ya viti, asante, hiyo ya saizi sikuwa naijua. Lakini sasa hii ya 2025 imenifunza kitu kingine. Januari Marekani walisimamisha misaada, ghafla tu, na USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa. Waingereza nao wakasema wanashusha yao kutoka asilimia 0.5 ya pato lao mpaka 0.3 ifikapo 2027. Dada yangu alikuwa anapeleka mtoto mahali, barua ikaja Ijumaa, Jumatatu mlango umefungwa. Mtoto alikuwa ameanza kusimama na vifaa. Sasa hayo si ndio nilisema? Umejenga nyumba ya mtu kwa ardhi ya mwingine.

---

OT_wa_Eastlands

Pole kwa dada yako, na hapo sina utetezi. Mtoto aliyekuwa ananyooshwa kila wiki ukiacha, misuli inarudi kufupika, na mfupa hauachi kukua kungoja bajeti. Miezi michache ya kuacha inaweza kukula kazi ya mwaka. Kufunga mradi wa therapi wikendi moja ni kumuumiza mtoto, siwezi kuipaka rangi.

Kitu naweza kukuambia ni nini kilibaki pale penye mradi ulifungwa na nini kiliondoka, juu nimeona zote mbili kwa watoto walioletwa kwetu. Mahali ambapo mtaalamu alikuwa anamchukua mtoto, anaingia naye chumbani, mama anangoja nje kwa benchi, siku mlango ulifungwa kila kitu kiliisha. Mama hakujua hata kumgeuza. Lakini mahali ambapo mama ndiye alikuwa anafanya na mtaalamu anaangalia na kumrekebisha mkono, wale wamama bado wanakutana. Wanafanya kwa sebule ya mmoja wao. Sio sawa na kuwa na OT, na kuna vitu wanakosea, lakini mtoto hajarudi sifuri. Ndio maana mimi sikuhizi sigusi mtoto kabla mama hajaweka mikono yake kwanza. Wengine hukasirika, wanasema mbona umelipwa na hufanyi.

Kuna mkutano wa dunia wa ulemavu ulifanyika Berlin Aprili 2025, nchi na mashirika yakaahidi angalau asilimia 15 ya miradi ya maendeleo iangalie watu wenye ulemavu. Sawa, tutaona. Mimi ningeomba ahadi ndogo kuliko hiyo: mfadhili yeyote anayeanza therapi ya watoto aandike kwa mkataba kwamba akitoka anatoa ilani ya mwaka mmoja na analipa huo mwaka. Mwaka unatosha kupeleka mafaili hospitali ya kaunti, kupima viti mara ya mwisho, kufundisha wamama wa kuongoza vikundi. Na sisi wafanyakazi tukubali mshahara upungue ndio huo mwaka ulipike, hapo najisemea mimi.

---

mwalimu_spesho

Hiyo ya ilani ya mwaka naunga mkono. Na kaunti zetu pia zibanwe. Bajeti ya kaunti iko na vikao vya wananchi kila mwaka, lakini nimehudhuria na tunaulizia barabara na taa za mtaa. Wazazi wa hawa watoto hawaji juu hawana wa kumwachia mtoto. Hicho chama cha mama K kikienda na wamama kumi wakaulizia fizio wa pili kwa kituo chao cha afya, hiyo itaandikwa kwa kumbukumbu za kikao.

---

MamaK_Kayole

Mwalimu tutaenda. Tutaenda na watoto wenyewe, waone.

---

mgeni_Githurai45

Samahani naingia tu nikiwa na haraka. Niko na mtoto wa miezi kumi na nne, haketi bila kushikwa, mkono mmoja anaukunja ngumi muda wote. Mama mkwe anasema tungoje. Sina shirika najua. Nianzie wapi?

---

OT_wa_Eastlands

Baba ama mama, usingoje. Kwa umri huo mtoto angekuwa anaketi mwenyewe kitambo, na hiyo ngumi upande mmoja ni ya kuangaliwa. Kesho au kesho kutwa mpeleke kituo cha afya cha serikali kilicho karibu na kitabu chake cha kliniki, waambie maneno haya haya uliyoandika hapa, na uombe rufaa ya kwenda kwa fizio na OT wa hospitali ya kaunti ndogo. Omba na macho na masikio yapimwe. Kama amewahi kushtuka shtuka au kukodoa macho waambie pia, ukiweza mchukue video kwa simu. Usimweke kwa woka, ile ya magurudumu ya kujisukuma, inamfundisha kusimama kwa vidole.

Wakati unangoja siku ya rufaa, mkalishe kwa sakafu katikati ya miguu yako mgongo wake ukiegemea tumbo lako, weka kitu anachopenda mbele upande wa ule mkono wa ngumi, umfungue vidole polepole kutoka upande wa kidole gumba, usivute kwa ncha. Dakika chache, mara nyingi kwa siku, akicheka. Akilia acha.

Mkishapata ripoti ya daktari nendeni mkamuandikishe kwa baraza la watu wenye ulemavu apate kadi kama atapatikana na ulemavu, hiyo kadi itaulizwa mahali pengi. Nitumie ujumbe wa ndani uniambie uko upande gani wa Githurai, nijue ni kikundi gani cha wazazi kiko karibu. Mama mkwe umlete pia siku ya kwanza, aketi ndani na sisi.